Kofia ya Nywele za Watu

Kinyozi Firmin wa Kadutu alikuwa na uongo mwingi kuliko nywele alizofagia kila jioni, na nywele hizo peke yake zingetosha kujaza godoro. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Watu walitoka mtaa wa Cimpunda wakawapita vinyozi wengine wawili njiani, mradi wafike kwenye kiti chake kando ya soko. Kwa Firmin ulishuka kitini umepungua nywele na umeongezeka hadithi.

"Ule mutu wa Luvungi," angeanza, mashine yake ya mkono ikilia chaka-chaka-chaka nyuma ya sikio la mteja, "nywele yake ilivunja meno tatu ya hii mashine. Nikamwambia, papa, enda kwa fundi wa vyuma, hii haiko kazi yangu. Leo nywele yake ndiyo inashika daraja pale Ruzizi. Kamba ya chuma ilikatika, bazungu bakakuja kumuomba shungi moja."

"Firmin, weye muongo!"

"Enda uangalie daraja. Lakini usilichane, batu bataanguka."

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha: wembe wa kichwa kizima. Kule kwao kilimani, upande wa Walungu, kichwa kilichonyolewa mpaka ngozi ing'ae ni barua isiyohitaji msomaji. Kinasema: kwetu kuna maiti. Mtoto hunyoa kwa baba, baba kwa mtoto, mke kwa mume. Anayenyoa hivyo na watu wa nyumba yake wote wazima, huyo amemzika mmoja wao angali anapumua. Firmin aliwanyoa wafiwa wa mtaa mzima, na kwao hakusimulia lolote. Ila kichwa chake mwenyewe kilikuwa na nywele nyeusi tii, na upande wa kushoto alichora mstari ulionyooka kuliko barabara za Wabelgiji.

"Baba yangu iko muzima," alikuwa akisema akijipiga utosini. "Tangu tulizika mama, wembe ulisahau njia ya hapa."

Mwaka wa hamsini na saba, tezi moja ilimtoka shingoni. Ilianza ndogo kama kunde. Haikuuma. Ikapata wenzake, wakawa kama mayai ya njiwa yaliyopangwa chini ya taya, na kila alfajiri shuka lilikuwa limelowa jasho la kukamua.

"Ni hadithi zinakwama," aliwaambia wateja. "Nyinyi munakatalia kusikiliza, zinabaki humu."

Mkewe, Euphrasie, mama wa mtoto wao Georgette, hakucheka. Akamshika mkono mpaka hospitali. Wakamkata tezi moja, wakaituma Ulaya kwa ndege, na kwa wiki sita Firmin alijisifu kwamba kipande chake kimefika Ubelgiji kabla ya mwenyewe. Jibu liliporudi, daktari mzungu alilisema kwa Kifaransa akitazama meza. Aliyelileta kwa Kiswahili ni Venant, muuguzi, mteja wa Firmin wa kila Jumamosi.

"Docteur anasema ni cancer ya matezi. Dawa ya kuimaliza haiko. Kuko dawa ya kuipunguza."

"Kuipunguza mpaka wapi?"

Venant akauliza, akajibiwa. "Mwaka moja. Pengine mbili, kama unapata sindano zote."

"Na bila sindano?"

"Firmin, usinitume niulize ile."

Dawa yenyewe ilikuwa unga mweupe kwenye kichupa kidogo kuliko chupa ya manukato. Ilikorogwa na maji na kuingizwa mshipani papo hapo, kwani ikikaa inaharibika. Siku ya kwanza, daktari alipotoka, Venant aliinama.

"Hii kitu ilizaliwa mu vita, unajua? Bazungu balikuwa na hewa ya kuua batu, inanuka kama haradali. Halafu bakaona mule mu mwili inaua na matezi. Bakaigeuza, bakaiweka mu chupa."

"Venant, mimi nimedanganya batu miaka kumi na mbili. Sijafika pale."

Saa moja haikuisha, akaamini. Alitapika chai ya asubuhi. Akatapika maji. Akatapika kile cha kijani kilicho chini ya vyote, kisha akaendelea kutapika hewa tupu, mwili ukijisokota kama nguo ya kufuliwa mikononi mwa mwanamke mwenye hasira. Siku nne hivyo. Akasema kwamba ametapika mpaka maziwa aliyonyonya kwa mama yake, na Euphrasie aliyeshika beseni akajibu kwamba alikuwa ameyaona.

Huo ndio ulikuwa mzaha wao wa mwisho kwa kipindi kirefu. Mshipa wa mkono uligeuka mweusi, mgumu, kama kamba iliyoungua. Kinywani vikatoka vidonda, bugali likawa changarawe. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo ambayo zamani aliinusa tangu kona ya barabara akakimbia, sasa ilimkimbiza upande wa pili. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa na ladha ya msumari. Vidole vilikosa nguvu ya kubana mashine. Siku moja alimwacha mteja nusu kichwa, akamwomba arudi kesho, na yule maskini akashinda mjini kama shamba lililolimwa upande mmoja. Siku nyingine damu ya pua ilidondoka juu ya kitambaa cheupe cha kinyozi, na mteja akaruka akidhani amekatwa sikio.

Matezi yalipungua. Hilo lazima lisemwe. Yalinywea yakawa kunde tena. Lakini Firmin alifungua kinywa aanze habari za mtu wa Luvungi, akafika penye nywele kuvunja meno ya mashine, akasahau anaelekea wapi. Mteja alingoja. Mashine ikalia peke yake, chaka-chaka, mpaka mwisho wa kichwa.

Baada ya duru ya pili ya sindano, asubuhi moja alisimama mbele ya kioo chake cha kazi, akachukua kitana ili achore mstari wake wa kushoto. Kitana kilipita, na mstari ukaja nacho. Alipitisha tena. Kilikuja na shungi jingine. Hakuita mtu. Alichana mpaka pasibaki cha kuchana, akafagia, na fagio halikujua tofauti.

Wa kwanza kumwona alikuwa Edouard, fundi cherehani wa kibanda cha pili. Alivua kofia.

"Pole sana, ndugu yangu. Muzee alifariki lini?"

"Muzee hakufa. Ni dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya hospitali. Inakula nywele."

"Inanyoa? Bila wembe?" Edouard alishika cherehani asianguke. "Ilitengenezwa na nini?"

"Na hewa ya vita," alisema Firmin, na hapo hapo akajua amepotea.

Edouard alicheka mpaka machozi. "Hii inashinda daraja! Firmin, hii inashinda daraja ya Ruzizi!"

Kufikia mchana watu watatu walikuwa wamempa pole, na wanne walikuwa wamekuja kusikia hadithi ya dawa inayonyoa. Hakuna aliyekuja kwa yote mawili. Na kila Alhamisi kamio ya mizigo ilitoka pale sokoni kwenda Walungu imebeba chumvi, mafuta na maneno. Firmin alihesabu siku kwa vidole. Habari ya kichwa chake ingefika kilimani kabla yake, asipopanda kamio ya wiki hiyo hiyo.

Kule kilimani alikaa baba yake, muzee Bisimwa, mwenye ukungu machoni na mikono iliyokuwa ingali inaona. Mtoto wake yeyote akifika, mkubwa au mdogo, alivua kofia mlangoni na kuinama, na muzee alimwekea kiganja utosini, akakisugua mara mbili. Ndipo umeingia. Kabla ya kiganja hicho, wewe bado uko njiani, hata kama umekalia kiti. Na Firmin alihitaji kuingia. Aliona jinsi walivyozika mjini, safu kwa safu, kila mtu na namba yake kama gunia la kahawa. Mama yake, marehemu Colombe, alilala katika migomba ya nyumbani, na kando yake palikuwa na nafasi. Alitaka kuiomba kwa kinywa chake, akiwa angali na kinywa. Hilo tu. Mengine yote alikuwa ameyaacha.

Sasa, mtu mwingine angefanya nini? Angekwenda na kichwa chake kilivyo, akalia. Lakini Firmin alikuwa kinyozi, tena muongo, na sakafuni palikuwa na nywele za mtaa mzima. Edouard alimshonea kofia ndogo ya kitambaa cheusi, ya kubana. Firmin akaipaka ulimbo, ule wa kunasia ndege, na kwa siku mbili akapanda nywele juu yake, shungi kwa shungi, kama mtu apandaye maharage. Akaacha nafasi ya mstari upande wa kushoto. Alipoivaa, Edouard alizunguka mara mbili.

"Satani mwenyewe angekusalimia kwa jina."

Euphrasie alisimama mlangoni na beseni lake. "Papa Georgette, unaenda kudanganya baba yako na nywele ya batu kumi na tano?"

"Siendi kumudanganya. Naenda kumupatia nafasi asikie mbele ya kuona."

"Basi umuambie kweli na kichwa wazi."

"Kweli?" Firmin alicheka, vidonda vikamchoma. "Umeona venye kweli yangu inafanya batu."

Jua la siku ya safari halikuwa na huruma, na kamio haikuwa na turubai. Firmin alikaa juu ya magunia ya chumvi toka asubuhi mpaka saa nane, na chini ya kofia ulimbo ulianza kukumbuka kwamba ulikuwa maji. Alishuka, akapanda kilima akipumzika kila hatua kumi, akafika mlangoni. Akavua kofia ya juu, akainama. Akabaki na ile ya chini, ya nywele.

"Ni nani?"

"Ni mimi, baba. Firmin."

Uso wa muzee ulifunguka. Kiganja kikashuka, kikasugua mara moja, kikasugua mara mbili. Kikainuka. Nywele zote zikainuka nacho.

Muzee Bisimwa alishika ile kofia kama mtu aliyepewa mnyama asiyemjua, akaipapasa, ulimbo ukavutika kati ya vidole. Kisha kwa mkono mwingine akatafuta kichwa cha mwanawe. Kilikuwa laini, kitupu, kimelowa jasho. Mkono ukaruka kana kwamba umegusa chungu cha moto.

"Ulininyolea."

"Hapana, baba. Nikuambie..."

"Niko muzima, nakula, na weye ulininyolea. Halafu ukaficha. Ukaninyolea ukaficha!"

"Baba, niko mugonjwa. Kuko dawa bananipiga ku hospitali. Inatapisha, inakula nywele. Haiko wembe. Gusa tena, hakuna hata mizizi! Ilitoka mu vita ya bazungu, bakaona inaponyesha..."

"Vita." Muzee alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilibeba masanduku ya vita mpaka Tabora. Niliona venye inakula batu. Haujaniambia bado vita yenye inaponyesha mutu, na umeniambia mingi. Ile ya daraja nilicheka, mutoto wangu. Hii hainichekeshe."

"Ni kweli, baba. Naapa ku kaburi ya mama."

"Usimwingize mama yako." Alinyoosha mkono, kofia ikining'inia. "Chukua nywele za batu, ubarudishie benyewe. Nywele yako ikirudi, urudi nayo. Mbele ya pale, mimi niko maiti, na maiti haiongeake na mutu."

Akageuza uso kuelekea ukuta. Firmin alisimama pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Kisha akashuka, na kwenye ua akatapika. Safari hii hapakuwa na sindano ya kulaumu.

Duru ya tatu ilikuwa Jumatatu. Alikwenda, akakaa kwenye benchi, akakataa kukunja shati.

"Venant, nikiacha, nywele inarudi?"

"Inarudi. Wiki sita, saba."

"Na matezi?"

"Na yenyewe inarudi."

"Nani anafika mbele?"

Venant aliweka trei chini. "Firmin, unaniuliza kama ni mashindano ya baiskeli. Zinatoka siku moja. Mimi sijui."

Daktari alipoelezwa, alisema mambo mengi kwa haraka, kisha akasema machache polepole. Venant alitafsiri yale machache tu: miezi mitatu, pengine minne, na kichupa hakitangoja, atapewa mwingine. Firmin aliitikia kwa adabu. Alitoka na mkono wake wenye mshipa mweusi ndani ya mfuko.

Nyumbani, Euphrasie alipiga meza. "Unachagua nywele! Mimi nimeshika beseni miezi ine, na unachagua nywele!"

"Nachagua mahali, Mama Georgette. Sindano haitaniponyesha. Inaniongezea siku za kutapika. Na nikikufa na hiki kichwa, baba hatafungua mulango hata kwa sanduku."

Euphrasie alitoka, akakaa nje kitambo. Aliporudi alikuwa na kichupa cha mafuta. Akamkalisha chini kati ya magoti yake, akaanza kumpaka utosini, kila kona, kama anavyopakwa mtoto wa wiki moja. Alifanya hivyo kila siku.

Kisha ikaja ile mbaya kuliko zote: akapona. Ndivyo ilivyoonekana. Dawa ilimtoka mwilini na vidonda vikafunga. Akala bugali na maharage, akaomba tena. Siku moja alinusa sombe tangu kona ya barabara, akakimbia, kweli akakimbia. Hadithi zikarudi. Mtu wa Luvungi sasa alikuwa na ndugu, na ndevu za ndugu huyo ziliivuta meli iliyokwama Usumbura. Wateja walipiga makofi. "Si tulisema? Sindano ya bazungu ndiyo ilikuwa inakuua!" Euphrasie alisikia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki ya sita ukungu mweusi ulitokea utosini. Wiki ya saba, kunde ya kwanza ilivimba shingoni. Kila asubuhi Firmin alijipima mbele ya kioo, kidole kimoja juu, kingine chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutia chumvi. Nywele zilikuwa laini mno, si zile za zamani; na matezi yalikuwa magumu mno, nayo si yale ya zamani. Yakapita mayai ya njiwa, yakashika ya kuku. Jasho likarudi, kikohozi kikaja bila kualikwa. Nywele zilipofika urefu wa kucha alisema, "Twende." Alikuwa amebaki mfupa na kola. Kola aliifunga mpaka juu.

Safari hii Euphrasie alikwenda naye, na kilima walikipanda toka mchana mpaka jua kuzama. Mlangoni alivua kofia, akainama, na kuinama huko nusura kumwangushe.

"Ni mimi, baba."

Kiganja kikaja, pole, kwa mashaka. Kikashika nywele kidogo kati ya vidole, kikazivuta. Zikakataa kutoka.

"Ni zako," alisema muzee.

"Ni zangu."

"Ni laini. Kama siku mama yako alikuzaa." Kikasugua mara moja, kikasugua mara mbili. Lakini hakikuinuka. Kiliteremka nyuma ya sikio, kikapita chini ya kola, na hapo kikakuta yale yaliyokuwapo. Kikayahesabu moja moja. Kikakaa.

"Na haya?"

Firmin alivuta pumzi, ikapita kwa shida. "Haya, baba, ni ya ule mutu wa Luvungi. Alininunulia mayai, na mimi na njaa yangu nikameza bila kutafuna..."

Muzee hakucheka. Macho yake yenye ukungu yalikuwa yameelekea kwa Euphrasie, ambaye hayakuweza kumwona, naye Euphrasie alikuwa ameziba kinywa kwa kanga.

"Ile dawa," alisema muzee. "Yenye ulisema inakula nywele. Ilikuwa kweli?"

Hapo palikuwa na mahali pa kusema ndiyo. Firmin alipaona. Aliona pia kiganja kile cha zamani kingali shingoni mwake, na yule mzee aliyesimama mlangoni na maneno yake mwenyewe ya ile siku, maneno yaliyomfukuza mwana mgonjwa.

"Hapana, baba," alisema. "Unanijua. Ilikuwa uongo."

Muzee Bisimwa alimshika mkono akamwingiza ndani.

Asubuhi walimkalisha Firmin juani, mgongo ukutani, mbele ya migomba. Kando ya kaburi la Colombe palikuwa pamefyekwa upya, majani bado mabichi. Kumbe muzee alimwamsha Benoît, mwanawe mdogo, alfajiri, akamwambia asipande tena kitu pale. Firmin alipatazama. Hakuwa na la kuomba tena.

Akatoa mashine yake mfukoni, kama alivyofanya kila alipokuja, maana hakuna kinyozi mwingine aliyewahi kugusa kichwa cha baba yake. Nywele za muzee zilikuwa nyeupe, zimefunika masikio.

"Karibia, baba. Zimekuwa ndefu. Nitaenda pole, mukono hauna nguvu."

Muzee alisogea. Alitafuta mkono wa mwanawe, akaupata, akaufunga vidole vyote juu ya mashine.

"Acha," alisema. "Usikate kitu. Nitazihitaji siku ya wembe."

Firmin aliipuliza mashine, ingawa haikuwa imekata hata unywele mmoja, akairudisha mfukoni.